Jackson, Sayyid Said na Swali Lisiloisha

Kila nikizungumzia mkataba wa Marekani na Sayyid Said, Sultani wa Muscat na Unguja, mkono wa kwanza kunyanyuka unauliza jambo lile lile: meli za Rais Andrew Jackson zilibeba watumwa wangapi kutoka Unguja? Nimelijibu kwa mdomo mpaka nimechoka, leo nalijibu kwa maandishi. Hazikuja kubeba watumwa. Zilifuata pembe za ndovu, sandarusi na ngozi.

Wamarekani wenyewe wanamkumbuka Jackson, aliyetawala 1829 hadi 1837, kwa vita vya New Orleans, ugomvi wake na Benki ya Taifa, na sheria ya 1830 iliyowang'oa wenyeji asilia katika ardhi zao. Mkataba wetu hawautaji. Lakini ni yeye aliyemtuma Edmund Roberts, mfanyabiashara wa New Hampshire ambaye alishafika Unguja na kulalamika mbele ya Sayyid Said juu ya masharti ya biashara. Mwaka 1832 Roberts alipanda manowari Peacock, ameandikishwa kama karani wa nahodha ili mataifa mengine yasinuse kitu. Tarehe 21 Septemba 1833 mkataba ukatiwa saini Muscat. Waingereza walipata wa kwao 1839, Wafaransa 1844.

Masharti yalikuwa matamu. Ushuru ni asilimia 5 tu ya bidhaa inayoteremshwa, hakuna tozo nyingine, na Mmarekani anauza popote katika bandari za Sultani, isipokuwa bunduki na baruti, ambazo Unguja zingeuzwa kwa serikali peke yake. Kipo kifungu kimoja ninachokipenda. Rasimu ya Roberts ilisema mabaharia wa Kimarekani wakivunjikiwa na jahazi, nchi yao italipa gharama za kuwatunza. Sayyid Said akakataa: mgeni aliyepatwa na masaibu halipishwi, gharama ni za Sultani. Mwaka 1835 Peacock hiyo hiyo, ikirudi kubadilishana hati, ikapanda mwamba karibu na kisiwa cha Masirah, na Sayyid akatuma msaada.

Sasa hilo la watumwa. Marekani ilipiga marufuku kuingiza watumwa kutoka ng'ambo kuanzia 1 Januari 1808, miaka 25 kabla ya mkataba. Magendo yalikuwepo, sibishi. Ila wenye mashamba wa Kusini hawakuhitaji kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema: walikuwa wakiuziana watu ndani kwa ndani, kutoka Virginia mpaka Mississippi, na watoto wa watumwa walizaliwa watumwa. Wahenga wa Wamarekani weusi, kwa sehemu kubwa sana, walitoka Afrika ya Magharibi na pwani ya Kongo na Angola. Waliotoka upande wetu ni wachache, wengi wao kutoka Bukini (Madagaska) na Msumbiji. Na watumwa waliopita Kilwa na Unguja walikuwa na wanunuzi wao: mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, Uarabuni na Ghuba, visiwa vya Wafaransa. Anayetaka kumshika Mmarekani kwa usafirishaji aende Msumbiji, ambako meli zilizojengwa Marekani zilihusika kupeleka watu Brazil na Cuba. Unguja hatampata.

Wala simtetei Jackson. Shamba lake la Hermitage, Tennessee, lililimwa pamba na watumwa zaidi ya 100. Na hapo ndipo penye habari yenyewe, ambayo muulizaji wangu huipita mbio. Pamba ya Kusini ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, ikawa kitambaa cha merikani, ikapakiwa Salem na kushushwa forodhani Unguja, kwa Jairam Shivji aliyeshika ushuru wa Sultani. Majora yale yakabebwa na wapagazi hadi Tabora na Ujiji, yakawa fedha ya njiani: hongo kwa watemi, posho ya wapagazi, bei ya pembe, na bei ya watu pia. Kitambaa cha pamba iliyolimwa na mtumwa Mississippi kilinunua mtumwa Manyema. Ulizeni hilo!

Anayetaka kuhakikisha, asiniandikie mimi. Orodha ya safari za meli za watumwa ipo wazi kwenye intaneti, tafuta kwa bandari na mwaka. Barua za makonsuli wa Kimarekani zimechapishwa, na Richard Waters, aliyefika Unguja 1837 kama konsuli wa kwanza, aliacha shajara. Nyaraka za Taifa Zanzibar zinapokea wasomaji, ulizia kwanza masharti yao. Kipimo cha vinasaba kinachomwambia Mmarekani ana damu ya "Afrika Mashariki" kisomwe kwa tahadhari, maana Msumbiji nayo huweza kutiwa kwenye kapu hilo.

Na simulizi za babu zikusanyeni, ila mwandikeni aliyesimulia, wapi na lini.