Taa za neoni Hong Kong: zilishushwa juu ya maduka, sasa tunaziangalia kwenye maonyesho

Wengi wetu tunaokwenda Hong Kong kununua bidhaa hufikia Chungking Mansions, pale Nathan Road, na mambo yetu huishia hapo hapo: chumba, mzigo, kargo, uwanja wa ndege. Safari hii nilibakiwa na nusu siku, nikavuka kwa feri hadi Central Market. Ni soko la mwaka 1939, la nyama, samaki na mboga. Lilifungwa 2003, likakarabatiwa, likafunguliwa tena 2021. Samaki hakuna tena. Kuna mikahawa na maduka ya zawadi, na siku ile palikuwa na maonyesho ya mabango ya neoni.

Neoni ni gesi iliyomo hewani kwa kiasi kidogo mno. Iligunduliwa London mwaka 1898. Kazi yenyewe ni ya mkono. Fundi huupasha moto mrija wa kioo mpaka ulainike, kisha huukunja kufuata herufi iliyochorwa kwenye karatasi. Ana sekunde chache tu. Huku anakunja, huku anapuliza kwa mdomo kupitia kijimpira, la sivyo mrija hubonyea penye kona. Baadaye hewa hutolewa, gesi hutiwa, na umeme wa maelfu ya volti hupitishwa. Na neoni, msomaji, hutoa rangi moja tu, nyekundu ya kichungwa. Buluu ni agoni na zebaki. Rangi nyingine hutokana na unga unaopakwa ndani ya kioo.

Mbona basi zimeingia kwenye maonyesho? Kwa sababu barabarani zinakwisha. Mabango yaliyoning'inia juu ya njia bila idhini yaliamriwa yashushwe, na wenye maduka wakahamia LED, ambazo ni rahisi na hazili umeme sana. Ng'ombe mkubwa wa neoni wa mkahawa wa Sammy's Kitchen alishushwa 2015, akachukuliwa na jumba la makumbusho la M+. Mafundi waliobaki ni wachache, na wengi ni wazee.

Bango la duka la rehani nililipenda zaidi: umbo la popo aliyeshika sarafu, kwani kwa Kichina jina la popo linalingana kwa sauti na neno la baraka. Lakini lile lilitengenezwa lionekane kutoka mwisho wa mtaa, na mwenye shida ya pesa usiku ajue pa kwenda. Likiwekwa usawa wa macho, watu hulipa mgongo wapigwe picha.

Niliporudi Mombasa nilimuulizia fundi aliyetuandikia kwa brashi kibao cha duka la marehemu baba, karibu na Marikiti. Mabango ya kuchapisha yalimmalizia kazi. Siku hizi anauza maji. Akaniuliza kibao kiko wapi. Niliona haya kumwambia kwamba tulikifanya mlango wa banda la kuku.