Usitie gesi ya kupikia katika kiyoyozi cha gari

Ikiwa bado unaendesha Peugeot 504, mojawapo ya zile zilizounganishwa hapa Mombasa, basi kiyoyozi chake kiliundwa kwa gesi ya R-12. Gesi hiyo huharibu tabaka la ozoni, na kwa Mkataba wa Montreal wa 1987, nchi kama yetu ziliiacha kufikia 2010.

Fundi akikushauri utie gesi ya kupikia, kataa. Ni kweli hupoza, tena vizuri. Lakini ikivuja ndani ya gari lililofungwa vioo kwenye foleni ya feri ya Likoni, cheche moja yatosha kuwaunguza nyote.

Chagua R-134a, ambayo haishiki moto kwa urahisi. Sharti fundi abadilishe oili ya kompresa, maana ile ya zamani haichanganyiki nayo, pamoja na chujio la unyevu. Joto la Machi utalihisi kidogo.

Wakati wa kujaza, hasa vichochoroni Mji wa Kale, watoto wakae mbali. Gesi hii ikiwa majimaji huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, nayo hugandisha ngozi. Ikikurukia jichoni, usisugue. Osha kwa maji safi dakika 15, kisha nenda hospitali.