Mwajiri Wako Anaruhusiwa Kuona Nini?

Haki za mfanyakazi wa utalii: Sehemu ya tatu

Katika sehemu ya kwanza tulichambua mkataba wa msimu, na katika ya pili tukazungumzia saa za kazi na malipo ya ziada. Leo tunaingia kwenye swali ambalo wahudumu, wapishi na madereva wa Karatu na Ngorongoro huulizana wao kwa wao, mara nyingi kwa sauti ya chini: hivi bosi anasoma meseji zetu?

Swali hili lipo kila penye simu na kompyuta, lakini huku kwetu lina uzito wake. Karani wa benki Karatu mjini akifunga hesabu jioni anarudi kwake, na ya huko hayamhusu meneja. Mhudumu wa loji iliyo ukingoni mwa kreta hana jioni ya namna hiyo. Amepita lango la Lodoare, lami imeishia nyuma yake, na analala kwenye nyumba za wafanyakazi ndani ya eneo la mwajiri mpaka zamu yake ya likizo ifike. Mtandao wa simu ukisumbua, waifai ya loji ndiyo inayomletea sauti ya mama yake aliyeko Mbulu. Kazi yake na maisha yake vinapita kwenye ruta moja.

Ndiyo maana jibu linalotolewa na mameneja wengi, kwamba kifaa ni cha kampuni hivyo kila kilichomo ni cha kampuni, halitoshi. Msimamo wa makala haya ni kwamba mwajiri ana haki ya kusimamia kazi, na haki hiyo hukoma pale kazi inapokoma. Mwenye nyumba huwa na ufunguo wa akiba wa chumba alichokipangisha, lakini ufunguo huo haumpi ruhusa ya kuingia na kupekua sanduku la mpangaji.

Mitambo inaona nini hasa

Tuanze na waifai, maana hapo ndipo uvumi ulipo mwingi. Anayesimamia ruta ya loji akifungua ukurasa wake wa usimamizi anakuta orodha ya vifaa vilivyounganishwa: jina la simu kama mwenyewe alivyoliandika, namba ya utambulisho ya kifaa, saa kilipoingia na kiasi cha data kilichotumika. Ruta za gharama zaidi humwonyesha pia tovuti au huduma iliyofunguliwa. Kwa hiyo anaweza kujua kwamba simu fulani ilikuwa YouTube saa saba usiku na imekula GB mbili. Hawezi kwa njia hiyo kusoma ulichoandika WhatsApp, kwa sababu tangu Aprili 2016 ujumbe wake hufungwa kwa usimbaji kwenye simu ya mtumaji na kufunguliwa kwenye simu ya mpokeaji tu.

Kompyuta ya kampuni ni habari nyingine kabisa. Programu ya ufuatiliaji ikishawekwa humo inaweza kupiga picha ya skrini kila baada ya muda na kurekodi kila herufi inayobonyezwa, na usimbaji hausaidii kitu kwa kuwa maandishi yananaswa kabla hayajafungwa. Barua pepe ya kazi nayo ina msimamizi, na msimamizi huyo anaweza kupewa uwezo wa kuifungua.

Mtego mkubwa zaidi hauhitaji utaalamu wowote. Mhudumu wa mapokezi anafungua WhatsApp yake kwenye kompyuta ya kaunta ili amtumie mgeni vocha. Zamu inaisha, anaondoka bila kutoka kwenye akaunti. Anayeshika zamu ya usiku anakuta mazungumzo yote mbele yake. Vivyo hivyo kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi: mmoja akipiga picha ya skrini na kuipeleka ofisini, maneno ya kulalamikia chakula cha stafu yanageuka kuwa faili la nidhamu.

Kwa madereva, jicho liko ndani ya gari. Kifaa cha GPS kilichofichwa kwenye Land Cruiser kina laini yake ya simu. Kinatuma mahali gari lilipo, mwendo wake, na kama injini inawaka au imezimwa. Vingi vikifika mahali pasipo na mtandao hutunza kumbukumbu na kuzituma gari likirudi kwenye mtandao. Mabasi ya mikoani yamekuwa yakifuatiliwa kwa mfumo wa namna hii chini ya LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, ili kudhibiti mwendokasi, na hakuna abiria mwenye akili timamu atakayeupinga.

Mwajiri naye ana hoja

Tusimfanye kila mwajiri kuwa jasusi. Loji hupokea nakala za pasipoti na namba za kadi za benki za wageni, na mfanyakazi anayezihifadhi kwenye simu yake binafsi anaiweka kampuni pabaya kisheria. Mafuta huibwa. Kuna mwongoza watalii ambaye humpa mgeni namba yake na kumshawishi safari ijayo wapange wenyewe kwa wenyewe. Tena ndani ya kreta kuna faru weusi, wanyama wanaolindwa kwa gharama kubwa, na picha ya faru ikirushwa mtandaoni papo hapo ikiwa na alama ya mahali ilipopigwa yaweza kumwelekeza jangili. Kampuni inayowakataza madereva wake kufanya hivyo, na kufuatilia kama wanatii, ina sababu nzuri.

Kwa hiyo hakuna ubishi kwamba mwajiri anaweza kufuatilia. Ubishi uko kwenye mambo matatu: anafuatilia kwa sababu gani, kwa kiasi gani, na je, anayefuatiliwa ameambiwa?

Sheria inasemaje

Ibara ya 16 ya Katiba yetu inampa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake ya binafsi. Ibara ya 18 inaongeza uhuru wa kuwasiliana bila kuingiliwa. Ibara hizo hazisemi kwamba haki inavuliwa mlangoni pamoja na viatu mtu anapoingia kazini.

Kwa miaka mingi hapakuwa na sheria ya kuzifafanua kwa upande wa taarifa. Ikaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Tume ya kuisimamia ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Chini ya sheria hiyo, loji au kampuni ya utalii inayokusanya taarifa za wafanyakazi wake ni mkusanyaji, na inatakiwa kujisajili kwenye Tume. Inapaswa kukusanya kwa lengo halali lililotajwa, isikusanye kupita mahitaji ya lengo hilo, isitunze kuliko inavyohitajika, na imweleze mhusika kwa nini taarifa zake zinachukuliwa. Mfanyakazi naye ana haki ya kuomba kuona taarifa zake, kutaka makosa yasahihishwe, na kudai fidia akidhurika. Tume inaweza kutoza faini ya hadi shilingi milioni 100.

Zipo taarifa ambazo sheria inaziita nyeti, na zinahitaji uangalifu zaidi. Alama za vidole ni mojawapo, kwa hiyo ile mashine ya kusaini mahudhurio kwa kidole iliyobandikwa karibu na mlango wa jiko si kifaa cha kuwekwa kiholela. Uanachama wa chama cha wafanyakazi pia umo. Meneja anayepekua kundi la WhatsApp ili ajue nani amejiunga na CHODAWU anagusa mahali ambapo sheria imeweka uzio.

Mwajiri anayechukua simu binafsi ya mfanyakazi na kuifungua bila ridhaa, au kuingia kwenye akaunti yake kwa nywila aliyoivizia, anaikaribia jinai. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta pasipo idhini na kunasa mawasiliano ya mtu kinyume cha sheria.

Kuhusu wanaolala kazini, sheria ya kazi yenyewe ina neno. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa angalau saa 12 mfululizo za mapumziko kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Kwa anayeishi ndani ya eneo la kazi, saa hizo zinaweza kupunguzwa hadi 8 kwa makubaliano ya maandishi, lakini haziwezi kufutwa. Maana yake ni kwamba Bunge lilimfikiria mtu wa aina hii na bado likamwachia saa ambazo ni zake. Mwajiri anayehesabu YouTube ya saa saba usiku kama kosa la kazini anaingia ndani ya saa hizo. Akiona data inakwisha, aweke kiwango cha matumizi kwa kila simu. Ruta inaweza, na hapo hahitaji kujua mtu ametazama nini.

Kesi ya Bărbulescu

Mahakama za nje zimeshalipitia jambo hili kwa undani, na ingawa hukumu zao hazitufungi, zinatufundisha. Bogdan Bărbulescu alikuwa mhandisi anayeshughulikia mauzo katika kampuni binafsi nchini Romania. Mwajiri alimwagiza afungue akaunti ya Yahoo Messenger kwa ajili ya wateja. Julai 2007 mwajiri alirekodi mazungumzo yake kwa siku kadhaa, kisha akamwonyesha kurasa 45 za meseji, nyingine zikiwa zake na ndugu yake na mchumba wake, zikigusa afya na mambo ya ndani. Agosti 1 akafukuzwa kazi.

Alishindwa kwenye mahakama za nchi yake. Mwaka 2016 akashindwa pia katika hatua ya kwanza ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Tarehe 5 Septemba 2017, jopo kubwa la mahakama hiyo likampa ushindi kwa majaji 11 dhidi ya 6. Kampuni ilikuwa na kanuni ya kukataza matumizi binafsi ya kompyuta, na Bărbulescu aliijua. Kilichoiangusha Romania ni kwamba mahakama zake hazikuuliza kama aliambiwa mapema kwamba meseji zake zingefuatiliwa na kusomwa, kama palikuwa na sababu mahususi, na kama palikuwa na njia nyepesi zaidi. Majaji walisema maagizo ya mwajiri hayawezi kuyafuta kabisa maisha ya kijamii ya mtu mahali pa kazi.

Shirika la Kazi Duniani lilikuwa limeshalisema hilo katika mwongozo wake wa mwaka 1997: wafanyakazi waambiwe kabla ya kufuatiliwa, na ufuatiliaji wa siri ubaki kwa yale yanayoruhusiwa na sheria au penye shaka ya msingi ya uhalifu au kosa kubwa.

Dakika 40 za Ngoitokitok

Tuseme gari la kampuni limeshuka kreta asubuhi kwa barabara ya Seneto. Ripoti ya GPS inaonyesha limesimama karibu na chemchemi ya Ngoitokitok kwa dakika 40, injini ikiwaka. Jioni dereva anaitwa ofisini.

"Ulikuwa umelala?"

"Hapana bosi. Simba walikuwa wananyatia pundamilia, wageni wakaomba tusubiri. Mzee mmoja alihitaji kuchaji mashine yake ya kupumulia, ndiyo maana sikuzima."

Ripoti haikudanganya, gari lilisimama kweli. Lakini haikujua lolote kuhusu simba wala yule mzee. Mwajiri ambaye angekata mafuta hayo kwenye mshahara bila kumsikiliza dereva angekuwa na takwimu sahihi na uamuzi wa dhuluma. Ndiyo maana sheria ya 2022 inampa mtu haki pale anapoamuliwa jambo na mtambo peke yake, na sheria ya kazi inadai sababu halali na utaratibu wa haki kabla ya kumwachisha mtu kazi. Ripoti ya mtambo ni mwanzo wa maswali.

La kufanya

Kwa mwajiri: andika sera ya kurasa mbili kwa Kiswahili. Taja kinachofuatiliwa, kwa nini, nani anaona, na kitafutwa lini. Tenga waifai ya nyumba za wafanyakazi na ile ya ofisi. GPS ifuatilie safari, na dereva akiruhusiwa kwenda na gari kwake, aambiwe kama kifaa kinaendelea kusoma. Kamera ziwekwe stoo na mapokezi, kamwe zisiwekwe vyumba vya kubadilishia nguo. Usijifiche nyuma ya saini: kijana aliyepewa mkataba asubuhi ya kuanza kazi, wenzake kumi wakisubiri getini, hakuridhia kwa hiari.

Kwa mfanyakazi: mambo yako ya siri yaweke kwenye simu yako na bando lako. Toka kwenye akaunti kabla ya kutoka zamu. Usihifadhi pasipoti ya mgeni kwenye simu yako, maana mgeni naye ana faragha na wewe ndiye mlinzi wake. Ukiitwa kujieleza, omba kwa maandishi uonyeshwe taarifa unayotuhumiwa nayo. Malalamiko ya taarifa binafsi yapelekwe kwenye Tume. Ukiachishwa kazi isivyo haki, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) mkoani Arusha ndani ya siku 30. Siku hizo zinaanza kuhesabiwa tangu kuachishwa, na wengi huzimalizia kwenye kundi la WhatsApp wakipeana pole.

Sehemu ya nne, wiki ijayo, itahusu bakshishi: inagawanywaje, na nani mwenye haki nayo.