Je, Wajua? Greenland: Kutoka Makazi ya Kwanza Hadi Madaraka

Je, wajua kwamba wakazi wote wa kisiwa kikubwa kuliko vyote duniani wangeenea katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam? Greenland ina zaidi ya kilomita za mraba milioni 2.1, lakini watu ni 57,000 hivi. Takriban asilimia 80 ya ardhi imefunikwa na barafu. Miji iko pwani, na kutoka mmoja hadi mwingine hakuna barabara: utapanda boti, ndege, helikopta au sleji ya mbwa.

Je, wajua kwamba nywele zilizofukuliwa magharibi mwa kisiwa mwaka 1986 ziliwapa wanasayansi jenomu ya kwanza kusomwa ya binadamu wa kale? Matokeo yalitangazwa mwaka 2010. Mwenye nywele hizo aliishi miaka 4,000 hivi iliyopita, alikuwa na macho ya kahawia, na asili yake ilikuwa Siberia. Watu wake walitoweka. Mababu wa Wainuit, wenyeji wa leo wa kisiwa, waliingia baadaye sana, miaka 800 hivi iliyopita, wakitokea upande wa Alaska.

Wazungu wa kwanza nao walifikaje? Erik Mwekundu alifukuzwa Iceland kwa kuua watu, akaenda kukipeleleza kisiwa, akarudi akikisifia. Masimulizi ya kale yanasema zilitweka tanga merikebu 25, zikafika 14 tu, mwaka 985 au 986. Walowezi wake walifuga ng'ombe na kuuza pembe za walrasi Ulaya. Walipotaka askofu wao wenyewe, walimpelekea mfalme wa Norwe dubu mweupe aliye hai. Askofu wakampata.

Je, wajua kwamba habari ya mwisho iliyoandikwa juu ya walowezi hao ni ya harusi? Ilifungwa Septemba 1408 katika kanisa la Hvalsey, ambalo kuta zake za mawe zimesimama mpaka leo. Baada ya hapo, kimya. Baridi iliyozidi na kuporomoka kwa soko la pembe ni miongoni mwa sababu zinazotajwa.

Mwaka 1721 mchungaji Hans Egede alifika akitafuta wazao wa walowezi hao. Aliwakuta Wainuit tu, akabaki kuwahubiria, na utawala wa Denmark ukaota mizizi. Mwaka 1733 meli ikaleta ndui, watu wakafa kwa wingi. Mke wa Egede, Gertrud Rask, aliwauguza wagonjwa nyumbani kwake hadi nguvu zikamwishia. Alifariki mwaka 1735. Kuanzia 1776 biashara yote ilishikwa na shirika moja la mfalme wa Denmark.

Je, wajua kwamba Greenland ilikuwa na gazeti la lugha yake mwaka 1861, miaka 27 kabla ya *Msimulizi* la Zanzibar? Liliitwa *Atuagagdliutit* na lilichapwa Nuuk, kwa Kikalaallisut. Lars Møller, mwana wa nchi aliyeanza kama kijana wa mitambo ya chapa, alilihariri kuanzia 1874 hadi 1922. Lilibeba habari za dunia, picha, na visa vya uwindaji vilivyoandikwa na wasomaji wenyewe. Mwindaji wa sili wa kusini akajua yaliyompata mwenzake wa kaskazini ambaye hangekutana naye maishani. Mimi naamini safari ya madaraka ilianzia kwenye kurasa zile.

Je, wajua kwamba mwaka 1946 Marekani ilitaka kukinunua kisiwa kwa dola milioni 100 za dhahabu? Denmark ilikataa, lakini wenye nchi hakuna aliyewauliza. Mwaka 1953 uliumiza zaidi. Familia za Wainuit wa kaskazini kabisa ziliamriwa kuhama ili kupisha kambi ya kijeshi ya Marekani huko Thule, zikapewa siku chache tu. Walifunga mizigo kwenye sleji, wakaacha nyumba zao na maeneo yao ya kuwinda, wakaenda Qaanaaq na kukaa kwenye mahema wakisubiri nyumba. Denmark iliomba radhi mwaka 1999. Sehemu kubwa ya ardhi hawakurudishiwa.

Mwaka huohuo wa 1953 katiba mpya ya Denmark iliifuta hadhi ya koloni bila wananchi wa Greenland kupiga kura.

Mwaka 1972 walipiga. Asilimia 70 walikataa kujiunga na Jumuiya ya Ulaya, wakaingizwa hivyo hivyo kwa kuwa Denmark ilikubali! Jibu lao lilikuja kwa hatua. Kura ya maoni ya Januari 1979 ikaleta serikali ya madaraka tarehe 1 Mei, chini ya mchungaji Jonathan Motzfeldt. Mwaka 1982 asilimia 53 wakaamua kutoka kwenye Jumuiya, wakatoka rasmi Februari 1985. Mwaka huo pia wakapandisha bendera yao nyekundu na nyeupe, iliyobuniwa na Thue Christiansen, mwana wa nchi.

Je, wajua kwamba tangu tarehe 21 Juni 2009, sheria ya kujitawala ilipoanza, Kikalaallisut ndicho lugha rasmi, na madini ni mali ya wenyeji? Asilimia 75 ya wapiga kura ndio waliounga mkono hatua hiyo. Ulinzi bado uko mikononi mwa Denmark, ambayo hutoa ruzuku kila mwaka. Mapato ya madini yakipita kroni milioni 75, nusu ya ziada hukatwa kwenye ruzuku hiyo. Sheria hiyohiyo inasema uamuzi wa kuwa taifa huru ni wa watu wa Greenland. Rasimu ya katiba yao iliwasilishwa bungeni Nuuk Aprili 2023.