Joto, hari na fukuto: nani ashike swichi?

Wasomaji kadhaa wameniuliza iwapo joto, hari na fukuto ni maneno yenye maana moja. La hasha! Joto ni neno la jumla. Hari ni joto kali, na pia hutumiwa kumaanisha jasho. Fukuto nalo ni joto la mahali pasipopita hewa.

Tofauti hii si ya kamusini tu. Mtazame mwanafunzi aliyepanga chumba Tudor, kisiwani Mombasa, mwezi Machi. Joto la nje hana uwezo nalo. Fukuto la chumbani, naam, analiweza, mradi dirisha lifunguke na upepo upate pa kutokea.

Waliojenga Mji wa Kale walilijua hilo: kuta nene za matumbawe na chokaa, dari za boriti zilizo juu, madirisha marefu ya mbao. Ukihisi fukuto, wajifungulia mwenyewe. Huombi ruhusa ya mtu.

Siku hizi yapo mabweni yenye vyeti vya kijani. Mwaka 2019 kampuni ya Acorn ilikusanya shilingi bilioni 4.3 kwa hatifungani ya kijani ili kujenga mabweni ya wanafunzi jijini Nairobi. Cheti cha EDGE, kilichobuniwa na shirika la IFC la Benki ya Dunia, hutaka jengo liokoe angalau asilimia 20 ya nishati na ya maji. Hata jengo lisilo na kiyoyozi hukadiriwa nishati ambayo ingehitajika kulipoza, kwani wakazi wakizidiwa na joto, hatimaye watanunua mashine.

Lakini asilimia hizo ni za jengo zima. Hazituambii nani ashike swichi chumbani.

Hapa lugha ina la kutukumbusha. Feni tunaiita pia pangaboi. Neno hili linatokana na ‘pankha’, yaani kipepeo kwa Kihindi, na ‘boy’ la Kiingereza: mtumishi aliyevuta kamba ili bwana apate upepo. Anayepepewa na anayeamua walikuwa mtu mmoja. Aliyetoka hari ni mwingine.

Basi bweni likijengwa Mombasa, tuulize mambo mawili. Je, limeokoa umeme kiasi gani? Na je, mwanafunzi anaweza kufungua dirisha na kuzima pangaboi yake mwenyewe? La pili likikosekana, cheti kitakuwa cha kijani, na chumba kitabaki na fukuto.