Laini Mbili za Holili: Gharama ya Intaneti Ng'ambo ya Mpaka

Intaneti ya simu hupanda bei ikivuka mpaka, hata pale ambapo mpaka wenyewe ni safari ya dakika chache kwa bodaboda. Holili, kata ya Wilaya ya Rombo mkoani Kilimanjaro, inatazamana na Taveta ya Kenya, na mawimbi ya minara ya pande zote mbili huvuka bila kugongewa muhuri. Simu ya mfanyabiashara aliyesimama karibu na kituo cha forodha inaweza kunasa Vodacom, Yas au Halotel upande huu na Safaricom upande ule, huku Airtel ikiwa na kampuni Kenya na Tanzania pia. Anayelipa bei ya ugenini hapa halipii umbali wala ugumu wa kujenga mnara. Analipia mkataba uliopo kati ya kampuni mbili.

Kila nchi ina namba inayoitambulisha kwenye mitambo ya simu: Tanzania ni 640 na Kenya ni 639. Mnara wa Kenya ukisoma laini yenye 640, huuliza kampuni iliyoitoa laini hiyo kama mteja huyu ni wake na kama ameruhusiwa kutumia mtandao ugenini, huduma inayojulikana kama romingi. Akiruhusiwa, kila MB anayotumia huandikwa na kampuni mwenyeji, kisha orodha ya matumizi hupelekwa kwa kampuni ya nyumbani ili ilipe. Bei wanayotozana hao wawili ni bei ya jumla ya makubaliano, na mara nyingi hesabu yake huwekwa kwa dola au kwa SDR, kipimo cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Kampuni ya nyumbani huongeza faida yake na kodi, ndipo mteja akatwe.

Data yenyewe nayo huzunguka. Kwa kawaida matumizi ya mteja wa romingi hurudishwa kwanza kwenye mitambo ya kampuni yake ya nyumbani kabla ya kuingia intaneti. Picha ya mzigo wa vitunguu inayotumwa kwa WhatsApp kutoka Taveta kwenda mji wa Himo, upande wa Tanzania, huweza kupitia njia ndefu kuliko gari lililobeba vitunguu hivyo. Mzunguko huo unapunguza kasi, lakini si ndio unaopandisha bei. Bei inapanda kwa sababu mteja akiwa ugenini hana pa kukimbilia, na kampuni mwenyeji haina haraka ya kumpunguzia mtu asiyekuwa mteja wake.

Hasara inayolalamikiwa zaidi mipakani ni ile ya asiyesafiri kabisa. Simu nyingi huachwa zichague mtandao zenyewe. Mnara wa nyumbani ukidhoofika, kwa umeme kukatika au kwa kilima kuziba, simu huhamia mnara wa ng'ambo bila kumsubiri mwenyewe. Mwenye simu yuko dukani kwake, kumbe laini imekwishavuka. Kama romingi ya data iko wazi, picha za makundi ya WhatsApp hujipakua, programu hujisasisha, na salio huisha kabla ujumbe wa kumkaribisha Kenya haujasomwa. Dawa ya hili haina gharama: kuzima romingi ya data kwenye mipangilio ya simu, na kuchagua mtandao kwa mkono badala ya kuiachia simu. Anayeishi mita chache kutoka mpakani hana sababu ya kuacha hili kwa bahati.

Afrika Mashariki iliwahi kuonyesha kwamba bei hiyo inaweza kuondolewa. Septemba 2006 kampuni ya Celtel, iliyokuwa na leseni Kenya, Uganda na Tanzania, ilianzisha huduma ya One Network. Mteja alivuka mpaka, akapiga simu kwa bei ya huko alikofika, akapokea simu bila kukatwa na kuongeza salio kwa vocha ya nchi aliyomo. Huduma hiyo ilitangulia mpango kama huo wa Ulaya kwa zaidi ya miaka kumi. Iliwezekana kwa sababu pesa ilikuwa inatoka mfuko mmoja kwenda mfuko mwingine wa mwenye mali yuleyule. Washindani, Safaricom, Vodacom Tanzania na MTN Uganda, walilazimika kujibu kwa ushirikiano wao. Celtel baadaye ikawa Zain, na mwaka 2010 mali zake nyingi za Afrika zikanunuliwa na Bharti Airtel ya India kwa dola bilioni 10.7.

Serikali ziliingia baadaye. Oktoba 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kutekeleza Eneo la Mtandao Mmoja: simu za kupokea zikawa bure na za kupiga zikawekewa kikomo cha bei. Mpango huo ulianzia kwenye simu za sauti. Data, ambayo ndiyo hula pesa ya msafiri wa leo, iliachwa kwa hatua za baadaye. Tanzania haikuwamo kwenye kundi hilo la mwanzo. Yenyewe ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na pia wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na kila jumuiya ina mipango yake ya kupunguza bei za romingi.

Ulaya ilifanya kwa sheria kile ambacho Celtel ilifanya kwa umiliki. Tangu Juni 15, 2017, msafiri ndani ya Umoja wa Ulaya hutumia bando lake kwa bei ya nyumbani, na bei ya jumla kati ya kampuni imewekewa kikomo. Sehemu hiyo ya pili ndiyo yenye uzito, kwani kumshushia mteja bila kushusha deni la kampuni kungeiua kampuni ndogo. Uingereza ilipojitoa kwenye Umoja, baadhi ya kampuni zake, zikiwamo EE na Vodafone, zilirudisha tozo za romingi kwa wateja wake mwaka 2022. Minara ya Ufaransa na Hispania ilikuwa palepale.

Kati ya Holili na Taveta umiliki wa pamoja upo hadi leo. Airtel iko pande zote mbili. Vodacom Group, kampuni mama ya Vodacom Tanzania, ilipata takriban asilimia 35 ya Safaricom mwaka 2017. Hata pesa imekwishafunguliwa njia: tangu 2015 mteja wa M-Pesa, huduma ya pesa za simu, wa Vodacom Tanzania na wa Safaricom wanaweza kutumiana fedha kuvuka mpaka. Ni vigumu kuamini kwamba kinachokosekana ni utaalamu.

Wafanyabiashara hawakusubiri. Soko la Taveta hujaa Jumatano na Jumamosi, na mwanamke anayepeleka ndizi au nyanya kutoka miteremko ya Rombo huwa na simu ya laini mbili, mara nyingi Tecno au Itel, yenye laini ya Tanzania na ya Kenya. Akiingia Taveta, data huwashwa upande wa laini ya Kenya na kuzimwa upande wa Tanzania. Namba ya WhatsApp haibadiliki, kwa kuwa programu hiyo huendelea na namba iliyosajiliwa mwanzo hata intaneti ikitoka laini nyingine. Wateja wa Moshi wanaendelea kumpata palepale. Laini ya nyumbani hubaki hewani kwa ajili ya ujumbe mfupi wa benki na wa pesa za simu. Mwenye simu ya laini moja huomba hotspot kwa jirani wa meza na kumrudishia kwa kumrushia salio.

Bando la wenyeji nalo halisalimiki mikononi mwa kodi. Kwa viwango vya Tanzania vya mwaka 2023, yaani ushuru wa bidhaa wa asilimia 17 kwenye huduma za simu, na VAT ya asilimia 18 juu yake, katika kila shilingi 1,000 alizolipa mteja ni takriban shilingi 724 tu zilizonunua huduma. Kenya, baada ya Sheria ya Fedha ya 2023 kushusha ushuru wake hadi asilimia 15, na VAT ikiwa asilimia 16, zilibaki takriban 750. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba kodi peke yake haiwezi kueleza pengo kati ya bando la ndani na romingi.

Kikwazo cha laini ya pili kimehama kutoka kwenye bei kwenda kwenye usajili. Laini yenyewe ni ya bei ndogo. Lakini Tanzania ilianza usajili kwa alama za vidole Mei 1, 2019, ukiunganishwa na kitambulisho cha taifa cha NIDA, na kuzima laini zisizosajiliwa kulianza baada ya Januari 20, 2020. Mgeni husajili kwa pasipoti. Kenya nayo hudai hati. Mvuka mpaka mwenye pasipoti humaliza shughuli kwa wakala katika muda mfupi; asiye nayo hukwama, na wapo wanaochukua laini iliyosajiliwa kwa jina la ndugu au mteja wa ng'ambo. Njia hiyo ni nyepesi hadi simu inapopotea. Kurudisha laini kunamtaka mwenye jina afike mwenyewe na hati zake, na salio la pesa lililomo kisheria ni la huyo. Anayefanya biashara kwa M-Pesa kupitia laini ya jina la mtu amemkabidhi mtu huyo mtaji wake.

Mawakala wa forodha wana hesabu nyingine. Holili na Taveta ni kituo cha pamoja cha mpakani: anayeingia Kenya humalizia taratibu za nchi zote mbili upande wa Taveta, na anayeingia Tanzania upande wa Holili. Nyaraka za mzigo hupita kwenye mifumo ya mamlaka za mapato, TRA ya Tanzania na KRA ya Kenya, kwa intaneti, na lori la mahindi haliondoki mfumo ukiwa haufunguki. Kwao bando ni gharama ya kazi kama karatasi na wino, na wengi hushika laini za pande zote, mtandao mmoja ukiyumba wahamie mwingine.

Mtalii anayekuja kupanda Kilimanjaro, awe ametua uwanja wa ndege wa KIA au amepitia Voi na Taveta kwa barabara, ana njia ya tatu: eSIM, laini isiyo na kadi, ambayo hupakuliwa kwenye simu kabla ya safari. Simu za iPhone zimekuwa nayo tangu 2018, na kampuni kama Airalo, iliyoanzishwa 2019, huuza mabando ya nchi moja au ya eneo zima. Urahisi wake ni mkubwa kwa mtu wa siku chache. Kwa bei ya kila GB, hata hivyo, laini ya mwenyeji iliyosajiliwa Moshi mjini kwa pasipoti kwa kawaida humshinda, kwa sababu muuzaji wa eSIM naye hununua romingi kwa bei ya jumla kutoka mtandao wa nchi husika. Simu za bei nafuu zinazouzwa sana Himo na Moshi nyingi hazina eSIM, hivyo njia hii bado ni ya wageni. Mlimani kwenyewe TTCL, kampuni ya simu ya serikali, ilitangaza Agosti 2022 kufikisha intaneti ya kasi hadi kituo cha Horombo, mita 3,720, kwa lengo la kuendelea hadi kilele cha Uhuru.

Romingi inabaki na soko lake. Dereva wa lori anayetoka Moshi kwenda Mombasa na kugeuza hunufaika na laini ya Kenya, maana ni nchi moja na anarudi mara kwa mara. Anayepita Kenya, Uganda na Rwanda kwa wiki moja angelazimika kusajili mara tatu, na huko kifurushi cha romingi kilichonunuliwa kabla ya kuondoka kinaweza kumfaa kuliko kupanga foleni kila mpaka. Kinachopaswa kuepukwa katika hali zote ni kutumia data ugenini bila kifurushi, kwani bei ya nje ya kifurushi ndiyo kali kuliko zote. Kabla ya kununua, msafiri huangalia mambo matatu: kifurushi kinafanya kazi kwenye mtandao gani wa nchi anakokwenda, muda wake unaanza kuhesabiwa siku ya kununua au siku ya kuvuka, na MB zikiisha data inakatika au inaendelea kula salio la kawaida.