Bei ni Dai: Kulipima Gari la Zamani katika Nchi ya Chai

Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho wa mwaka 1932, aliyekuwa fundi wa magari kabla ya kuwa dereva wa mashindano, alishinda Safari Rally ya mwaka 1965 pamoja na nduguye Jaswant katika gari aina ya Volvo PV544 ambalo halikuwa jipya hata kidogo, kwani lilikuwa limekwisha kuchoshwa na barabara za Afrika Mashariki katika mashindano ya mwaka uliotangulia. Ushindi huo wapaswa kukumbukwa na kila mtu anayesimama leo mbele ya gari kuukuu lililotangazwa kwa bei kubwa, maana unadhihirisha kwamba thamani ya gari lililotumika haimo katika umri wake, wala katika maneno anayolipambia muuzaji, bali imo katika hali ya viungo vyake. Na hali ya viungo ni jambo linalopimika.

Katika nchi ya chai, tangu Londiani na Kericho mpaka Litein, Sotik na Bomet, magari yanayotamaniwa na wapenzi wa magari ya kale ni hasa Land Rover za miaka ya 1960 na 1970, zilizopanda na kushuka katika mashamba makubwa, na Peugeot 504, ambayo ilianza kuundwa Ufaransa mwaka 1968, ikashinda Safari mwaka 1975 na tena mwaka 1978, na kwa miaka mingi ikaunganishwa hapa hapa Kenya, mjini Mombasa. Idadi yake haiwezi kuongezeka kwa urahisi, kwa kuwa kanuni za ubora za Kenya kwa kawaida haziruhusu kuingizwa gari lililopita miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Basi kila moja linalooza shambani linapunguza hesabu ya yaliyosalia, na kila lililosalia hupandishiwa bei. Lakini uhaba peke yake si thamani, maana gari adimu lililokufa chesisi ni chuma chakavu tu.

Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani, George Akerlof, aliandika makala kuhusu soko la magari yaliyotumika, na kazi hiyo ikachangia kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Alionyesha kwamba muuzaji anapoijua siri ya gari na mnunuzi asiijue, mnunuzi huogopa na kutoa bei ya wastani. Mwenye gari zuri, akiona bei hiyo haimtoshi, huondoka sokoni na gari lake, na sokoni hubaki mabovu. Dawa ya maradhi hayo ni ilimu, wala haimnufaishi mnunuzi peke yake, kwa maana muuzaji mwadilifu naye hulipwa haki yake pale tu uzuri wa gari lake unapothibitika.

Kwa hiyo bei inayotajwa ni dai, na kama ilivyo mbele ya kadhi, bayana ni juu ya mwenye kudai. Wala tusimdhanie vibaya kila anayetaja bei kubwa: Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler, katika majaribio waliyoyatangaza mwaka 1990, waliwapa baadhi ya watu vikombe vya kawaida, wakakuta kwamba waliovipata walitaka kuviuza kwa kadiri ya mara mbili ya bei ambayo wenzao walikuwa radhi kuitoa. Ikiwa kikombe cha dakika chache humfanya mwanadamu hivyo, sembuse gari lililomzika baba na kumpeleka bibi arusi kwao?

Shahidi wa kwanza wa kuulizwa ni chuma. Kutu ni kazi ya chuma, maji na oksijeni vinapokutana. Na Kericho ni nchi ambayo mvua yake haikatiki kwa muda mrefu, ambako udongo mwekundu hujikusanya ndani ya chesisi na kushika unyevu hata siku za jua. Hapa hapana chumvi ya bahari iharakishayo kutu kama kule Mombasa, lakini unyevu wa kudumu hufanya kazi yake polepole, kutoka ndani kuja nje. Land Rover, iliyozinduliwa mwaka 1948 wakati chuma kilipokuwa haba baada ya vita, ilipewa bodi ya aluminiamu juu ya chesisi ya chuma. Basi mtu huona milango na mabawa yanang'aa, akasahau kwamba chini yake chesisi huenda imekwisha kuliwa. Zaidi ya hayo, mahali aluminiamu inapogusana na chuma penye maji huzuka mkondo mdogo wa umeme, na aluminiamu huliwa ikawa unga mweupe. Mabonde madogo ya mvua ya mawe, ambayo Kericho inaijua sana, ni aibu ya sura tu. Lakini chesisi inayotoa sauti nzito isiyo na mwangwi inapogongwa kwa nyundo ndogo ni msiba. Amma Peugeot 504, ambayo bodi yake ya chuma ndiyo hiyo hiyo mifupa yake, tumia sumaku iliyofungwa kitambaa: inaposhika kwa udhaifu, jua kwamba chini ya rangi pana puti. Kwa Land Rover sumaku hiyo haitakufaa juu ya bodi, kwani aluminiamu haivutwi kamwe.

Shahidi wa pili ni injini, na hapa ndipo wengi wanapohukumu kwa dhuluma kwa sababu wameisahau hewa. Kericho iko kiasi cha mita 2,000 juu ya bahari, na kanieneo ya hewa hapo imepungua kwa karibu sehemu moja katika tano. Injini ya kabureta iliyorekebishwa Mombasa itakunywa petroli nyingi kuliko hewa inayoipata, itatoa moshi mweusi na kupoteza nguvu, ilhali haina ubovu wowote ila kuhitaji kurekebishwa upya. Kadhalika kipimo cha mgandamizo: silinda inayoonyesha ratili 150 kwa inchi ya mraba pwani itaonyesha karibu 120 hapa, na anayekishika kitabu cha kiwanda bila ya kukumbuka mwinuko ataikataa injini nzima. La kuangaliwa zaidi ni usawa: silinda moja ikipungukiwa na zaidi ya sehemu moja katika kumi kuliko wenzake, hapo ndipo pana ila.

Kisha gari liendeshwe, nalo liwe limepoa kabla ya kuwashwa, kwani injini iliyopashwa moto mapema huficha maradhi yake. Literemshwe kutoka Kericho kuelekea Kapsoit, mguu ukiwa umeondolewa kwenye mafuta, kisha likanyagwe ghafla: moshi wa buluu ukitoka, basi oili inavuja kupitia njia za vali zilizolika. Wakati wa kurudi mlimani itazamwe sindano ya joto, kwa sababu katika mwinuko huu maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, na ni kifuniko cha rejeta, kwa kuzuia mvuke, kinachoyaokoa. Moshi mweupe wa asubuhi ya baridi unaotoweka ni mvuke tu. Usiotoweka ni dalili ya gasketi iliyoungua.

Shahidi wa tatu ni karatasi. Namba ya chesisi na ya injini zilinganishwe na hati ya umiliki, na zote zithibitishwe katika daftari za serikali; maana injini mbovu hutengenezwa, lakini gari lisilo na nasaba halina fundi.

Baada ya mashahidi ndipo hesabu. Tuseme, kwa mfano, kwamba Land Rover kama ile unayoipima, lakini iliyo nzima, imeuzwa kwa shilingi 1,000,000, nayo ni bei iliyolipwa kweli na si iliyotangazwa. Toa 250,000 za kutengeneza chesisi, 80,000 za breki na magurudumu, na 70,000 za tahadhari kwa yasiyoonekana, utabakiwa na 600,000. Anayetaka 900,000 aonyeshwe hesabu hiyo moja moja, kwa adabu, naye apewe nafasi ya kuleta bayana yake: risiti, spea alizoziweka akiba, fundi aliyelihudumia. Akileta, bei ipande. Asipoleta, mnunuzi aondoke bila chuki, hata kama bonasi ya chai imeingia juzi na mfuko unamwasha.

Na ikiwa mtu hana budi kulipa zaidi ya hesabu, kwa mapenzi au kwa kumbukumbu ya jamaa, basi alipe ziada hiyo kwa ajili ya yale yasiyonunulika tena: bodi iliyonyooka, chesisi safi, namba zinazolingana, na viungo vya asili vilivyotoka kiwandani. Rangi, viti na kelele za ekzosi vyapatikana kila gereji, na asiyetofautisha baina ya mambo hayo mawili atalinunua gari moja mara mbili, mara ya kwanza kwa muuzaji na mara ya pili kwa fundi.